Ndoo Iliyolala kwa Mama Neema

Mwanangu Athumani,

Kama unaisoma barua hii ukiwa bado ndani ya gari, umeifungua ndoo kabla ya kufika, na hapo umenishinda. Kama unaisoma wiki hii ya kwanza, umefanya kama nilivyokuomba. Lakini kama unaisoma mwezi wa tatu, maji yameshaingia ndani na wewe unapapasa kutafuta kiberiti, basi wewe ni mtoto wa baba yako kabisa na sina la kukusaidia. Nimeiweka juu ya maharage, ndani ya mfuko wa nailoni wa zamani niliouficha tangu walipopiga marufuku mifuko hiyo. Sikukupa mkononi kwa sababu nakujua. Ungesema "nitaisoma, mama," ukaikunja ukaitia mfukoni, nami ningebaki hapa nikiwaza nani mwingine anaisoma.

Sasa ni Jumapili alasiri. Umekwenda mjini Lushoto kuagana na wenzako, umesema utarudi kabla ya magharibi. Haya, tutaona.

Habari za kufua, kupika na kuswali kwa wakati sitaziandika. Nimekulea miaka ishirini na mitatu. Kama hayo hayajaingia, hayataingia kwa wino. Na ualimu wenyewe umeusomea, mimi sijui hata chaki inashikwaje siku hizi. Nataka kukuandikia habari ya ndoo hii, kwa sababu asubuhi ya leo kimenitokea kitu ambacho siwezi kukuacha uondoke bila kukijua.

Ila kwanza hicho chumba chako. Ile picha uliyonionyesha kwenye simu, ukasema, "Mama, ona, wamepaka rangi mpya," mimi niliiona vizuri kuliko wewe. Rangi mpya iko chini tu, inaishia kwenye magoti. Juu ni ile ya zamani. Nani anapaka nusu ya ukuta? Mtu ambaye nusu ya ukuta wake imewahi kunywa maji. Mwenye nyumba wako anaweza kuwa mtu mwema, simjui, lakini muulize hivi kwa upole: "Mzee, maji yaliwahi kufika wapi?" Usimuulize kama yaliwahi kuingia. Akianza kukohoa na kuzungumzia kodi, inua kitanda chako juu ya matofali siku hiyo hiyo.

Hapo Mazinde unapokwenda kufundisha nimepapita mara nyingi nikienda na kurudi sokoni, na sijawahi kupaamini. Ukisimama kule juu kwenye genge la Irente unapaona chini ya miguu yako kama uchafu uliofagiwa ukaachwa mlangoni, na ndivyo palivyo: kila kinachofagiwa na mvua huku milimani kinaishia kwenu. Utaona makorongo makavu, mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo. Huo ndio mto. Maji yake hayaji na mvua ya hapo. Mvua inanyesha huku kwetu, huko kwako jua linawaka na watu wameanika nguo, halafu unasikia mlio. Kwa hiyo nikikupigia simu kwamba huku mvua imeshika, usinijibu "mbona hapa hakuna hata wingu." Wewe chukua tochi, toka humo ndani.

Najua unacheka. Unajua mimi ni mtu wa kushuku, kitongoji kizima kinajua. Baba yako alipoaga kwamba anakwenda Handeni wiki mbili kutafuta kibarua, nilimwamini, nikamfungia hadi chakula cha njiani. Zile wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Tangu hapo nikaona bora nimshuku mtu akiwa mwema kuliko kumwamini akiwa mbaya. Nilijiona nimeerevuka. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba nikipewa uji wa moto nitauliza nani kauchochea. Nilimwambia, "Mama, kikulacho ki nguoni mwako." Akanijibu, "Basi utavua nguo ngapi, mwanangu?"

Sasa nikusimulie makosa yangu kwa mpangilio wake. Baadhi unayajua, lakini unayajua kwa akili ya mtoto wa miaka minane.

Kosa la kwanza ni jiko. Unakumbuka jiko letu la zamani lilikuwa upande wa kwa Baba Neema, karibu na masale, ile mimea ya mpaka. Mwaka ule niliona masale mawili yamesogea. Mpaka leo sijui kama yalisogea kweli au ni macho yangu, lakini niliapa kwamba Baba Neema ananimega. Nikasema sitapika mbele ya macho ya mtu anayeninyang'anya ardhi. Nikalibomoa jiko, nikachimba mlima nyuma ya nyumba, nikapata kiwanja kizuri chenye ukuta wa udongo umesimama wima mrefu kuliko mtu. Baba Neema alikuja akasimama pale kwenye masale, hakuvuka.

"Mama Athumani," akasema, "hapo usichimbe zaidi. Udongo huo umeukata mizizi, hauna kitu cha kuushika."

Nikamwambia, "Ahsante, jirani. Kila mtu alime kwake."

Nilijua anataka nirudi upande wake ili apate sababu ya ugomvi. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Kosa la pili ni sanduku. Mwaka uliofuata barabara ya Soni ilikatika wiki nzima, maduka yakaisha chumvi na mafuta ya taa, nikaona watu wanavyohangaika. Nikasema mimi halitanikuta tena. Nikachukua lile sanduku la bati la shule, nikaweka makopa, maharage, chumvi, sukari, viberiti, mishumaa, tochi, dawa za maumivu, blanketi, na kamba ndefu ya katani niliyoinunua Mombo. Nilifanya kila kitu kinachotakiwa kufanywa na mzazi. Halafu nikaona bibi yako anamgawia sukari kila anayepiga hodi, na wewe unadokoa, nikanunua kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikawa nalala nao na kwenda nao shambani.

Siku ile mlima uliposhuka, mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu mfululizo. Nilikuwa na karoti zimeshang'olewa, na karoti haisubiri mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa umeanza kukwama tangu jana yake, ikabidi niusukume kwa bega. Nilidhani ni mbao zimevimba. Athumani, mlango ambao haujawahi kukwama ukianza kukwama, nyumba inatembea. Lijue hilo hata huko kwenye tambarare, mweleze na mwingine. Nilimwambia bibi yako, "Nitarudi jioni," nikashuka Mombo na karoti zangu, na ufunguo kwenye pindo la kanga.

Mchana barabara ikafunikwa na udongo. Nikalala Mombo usiku wa kwanza, nikalala wa pili, nimeketi kwenye benchi la mama muuza chai nikiwa na ufunguo wa sanduku mkononi. Haya yafuatayo alinisimulia bibi yako. Wewe hujawahi kuniambia chochote.

Ule ukuta wa udongo uliangukia jiko. Halafu udongo ukaja kuegemea nyumba kwa nyuma, na mbele uwanjani ikafunguka mifereji ya maji, yanakwenda kwa nguvu hata bibi hakuweza kusimama. Alijua kamba ipo. Alijua iko wapi. Akachukua mchi akawa analipiga kufuli mpaka mkono ukafa ganzi, na wewe umekaa juu ya sanduku jingine unamulika kwa kibatari. Mfikirie mama yangu, na umri ule. Kamba iko ndani ya bati, umbali wa kidole, na ufunguo uko Mombo unakunywa chai. Baba Neema ndiye aliyesikia ule mlio wa mchi. Alikuja na shoka, akavuka maji yakiwa kiunoni, akavunja kufuli, akatoa kamba, akaifunga kwenye nguzo ya kibaraza na upande wa pili kwenye mparachichi wao. Alikubeba wewe kwanza, ndipo bati lililosombwa na maji likakuchana mguu. Akarudi kwa bibi. Walipomaliza kumkalisha jikoni kwao, walisikia nyumba yetu inakaa chini. Kama angechelewa kidogo kama kufuli langu lilivyotaka, nisingekuwa na wa kumwandikia.

Siku ya tatu nikapanda kwa miguu, napita juu ya udongo, natumbukia, natoka. Nilipofika nikakuta nusu ya nyumba. Sanduku limetupwa uwanjani, tupu, kufuli limepasuka linaning'inia. Mama Neema alikuwa anakuja kunipokea, na mimi nikafungua mdomo.

Nikasema, "Nani amevunja kufuli langu?"

Alinijibu kwa mpangilio uleule niliouliza. "Baba Neema amelivunja," akasema. "Na mtoto yuko ndani, mzima."

Nimejitetea miaka kumi na mitano. Nimejiambia kwamba moyo ulikuwa unaogopa kuuliza hasara kubwa, ukaanza na ndogo. Huenda kuna ukweli kidogo. Lakini mimi nilikuwepo, na nakumbuka nilivyokuwa: nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, kwa ajili ya kufuli. Na wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jiko la Mama Neema, mguu umefungwa kanga, na ulisikia.

Hujawahi kulitaja. Ila baada ya pale, kila nikirudi sokoni, ulikuwa unakimbia kunipokea, unasema, "Shikamoo mama, hakuna kilichopotea." Kila mara. Mpaka umefika kidato cha pili. Majirani walidhani ni mzaha wetu wa nyumbani, wakawa wanacheka. Mimi nilikuwa nikiitikia marahaba na kujifanya naweka kikapu chini vizuri.

Basi tukajenga tena, mbali na ukuta. Na bibi yako akasema maneno ambayo sikuyapenda. Alisema zamani nyumba zilipokuwa za nyasi, mbegu haikulala nyumbani kwa mwenyewe. Mbegu zako za maharage unazipeleka zikae darini kwa jirani, juu ya moshi wake, na zake zinakuja kwako. Moto ukila nyumba moja, mbegu za nyumba hiyo ziko salama kwingine. "Mlima nao ni hivyohivyo," akasema. "Unachukua nyumba moja unaacha ya pili. Akiba yako ikikaa kwako, inaondoka na wewe."

Nilibisha wiki nzima. Nikamwambia, niwape watu chakula changu wakakae nacho? Akasema, "Watu wamekaa na mtoto wako."

Ndipo tukanunua ndoo mbili za rangi zenye mifuniko, tukaziosha. Moja nikaijaza vitu vyetu tukaipeleka kwa Mama Neema, ikapanda darini juu ya jiko lao. Ya kwao ikaja kwetu, nikaiweka chini ya kitanda changu. Katika yetu niliweka maharage, makopa, chumvi, kiberiti, tochi na betri zake, dawa, na sweta lako jekundu la kufumwa, la kimo chako cha miaka minane. Na kwa kuwa mimi ni mimi, niliufunga mfuniko kwa uzi mweusi, fundo langu mwenyewe, mara tatu kulia mara moja kushoto, ili yeyote atakayefungua nijue.

Kila mwaka kabla ya masika nilikuwa nakwenda kuwasalimia, natafuta sababu ya kuingia jikoni, nainua macho. Uzi upo. Fundo langu lipo. Narudi nyumbani nimeridhika. Ninamwambia bibi yako, "Hawajagusa," naye anaendelea kuchochea moto wake.

Leo asubuhi nikawaza, mtoto anaondoka, betri za siku hizi zote ni feki, bora nikachukue ile tochi ya zamani nikuwekee. Nikasubiri waende kanisani. Sikutaka wanione ninavyokagua. Mlango wa jiko lao haufungwi, na hilo nalo limekuwa likinisumbua miaka yote. Nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha ndoo, nikakata uzi, nikafungua.

Maharage ni mapya, Athumani. Ya msimu huu, yanang'aa. Kiberiti hiki kampuni yake haikuwepo wakati ule. Betri zimetolewa ndani ya tochi, zimefungwa kwenye karatasi pembeni ili zisivuje. Nikasema, haya, nimewapata, walikula vyangu wakaweka vingine. Moyo wangu, nakwambia ukweli, ulifurahi kwa kuwapata. Nikatia mkono chini kabisa kutafuta sweta lako jekundu.

Halimo. Lipo sweta la mtu mzima, la kijivu, limefumwa kwa mkono, mabega mapana. Nimelinyoosha juu ya magoti yangu nikaona ni mabega yako.

Nilikuwa bado nimeketi sakafuni nalo wakati Mama Neema alipoingia. Alikuwa amewahi kutoka ili ainjike maharage. Amevaa nguo zake za kanisani. Akaniona, akaona uzi umekatwa, akaweka pochi yake mezani taratibu.

"Karibu, Mama Athumani," akasema. "Umekuja kukagua?"

Nikamuuliza, "Hili sweta?"

"La nne hilo," akasema. "Lile jekundu alilivaa mtoto wa dada yangu. Mwanao alikuwa anarefuka, nikaona siku yakimkuta atavaa nini? Kila baada ya mavuno nabadilisha maharage, basi nikiona na sweta limekuwa dogo nafuma jingine."

"Na uzi?"

Akacheka kidogo. "Fundo lako nalijua. Nililijifunza siku ileile uliyoileta. Nalifungua, nalirudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nimeifungua, ungesema nini?"

Wote wawili tulijua ningesema nini. Akaniwekea chai. Tukanywa. Halafu, akiwa anachambua maharage yake, bila kuniangalia, akauliza, "Na yetu je, ipo?"

"Ipo," nikasema. "Salama kabisa. Sijaigusa hata siku moja."

Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu, mwanangu. Cha mtu sikigusi. Nimeilalia miaka kumi na mitano, sikuinua hata mfuniko, na nilijiona mwaminifu kuliko wao. Nikarudi nyumbani, nikajifungia, nikaivuta toka uvunguni, nikaifungua.

Vumbi. Maharage yote yamebunguliwa, ukishika yanakuwa unga, na fukusi wenyewe wamekufa kwa kukosa cha kula. Betri zimevuja zimekula tochi. Kiberiti kimekuwa tope. Dawa sitaki hata kukueleza. Chini kuna kigauni cha Neema, cha mtoto wa miaka sita, na Neema sasa ana watoto wawili. Waliotufundisha kwamba akiba haiozi sijui walikuwa wameweka nini. Masika yote haya, mlima ungewashukia wale watu, wangekuja kwangu wanatetemeka, ningewavutia ndoo kwa majivuno nikawapa unga wa fukusi. Mimi niliyekuwa nawashuku ndiye niliyekuwa wa kushukiwa.

Nilianza kukuandikia hapo. Nilitaka kwanza kukuandikia kwamba nitanunua maharage mapya kimyakimya, niyajaze, nifunge mfuniko, basi. Hakuna anayejua. Nimeandika mpaka hapa nikagundua kwamba nikifanya hivyo nitakuwa nimeweka kufuli jingine. Ngoja. Naacha kalamu.

Nimerudi. Nimeibeba ilivyo, na fukusi zake. Nimepita pale kwenye masale mchana kweupe, kitongoji kinaona. Baba Neema alikuwa kibarazani ananoa jembe. Nikamwamkia, nikamfungulia miguuni pake. Akachota kiganja, akaacha yamwagike, akapangusa mkono kwenye suruali.

Nikamwambia, "Baba Neema, mmeniwekea vyangu vikiwa vizima, nami nimewawekea vyenu hivi."

Akasema, "Miaka yote hii mvua ikipiga usiku namwambia mama Neema, lala, vitu vipo kwa jirani."

Angenitukana ningejua pa kushika. Walilala, Athumani. Mvua ilipiga, na watu wale wakalala kwa sababu yangu.

Halafu nikamwambia jambo lingine ambalo nilikuwa nalo kooni miaka kumi na mitano. Nikamwambia ahsante kwa kuvunja kufuli. Yeye akachukua jembe lake akaendelea kunoa, akasema, "Kufuli lenyewe lilikuwa zuri." Mama Neema akanikumbatia, akalia yeye, nikalia mimi, ndoo ikapigwa teke ikamwagika, kuku wakafanya karamu ya fukusi. Kesho baada ya kukusindikiza tutaijaza sote watatu.

Sasa hii ndoo yako, ile iliyolala kwa Mama Neema. Ndani mna sweta la kijivu, maana nilimwambia Mama Neema kwamba unaondoka nalo, akasema ndiyo maana alilifuma. Mna maharage kutoka shambani kwao na makopa ya kwangu. Kamba ya katani ipo. Haina kufuli wala uzi. Usiiweke kwako. Hicho chumba chenye magoti yaliyopakwa rangi sikiamini, na maji yakija yatachukua na ndoo. Tafuta mtu ambaye nyumba yake iko juu ya kwako hata kwa hatua ishirini. Mchunguze kwanza, sikukatazi, damu yangu unayo: mwangalie anavyowaita kuku wake, anavyomjibu mama yake, kama anarudisha ungo alioazima. Lakini usichunguze miaka kumi na mitano. Ukishampa yako, chukua yake, na yake ndiyo uifungue. Ifungue mara kwa mara. Onja maharage yake, jua watoto wake wamefika kimo gani. Yako mwache aiangalie yeye. Utaogopa. Mimi bado naogopa, hata sasa nikiandika kuna sauti inaniambia Mama Neema amepata wapi sufu yote ile.

La mwisho nalisema wazi kwa sababu ana kwa ana nitashindwa. Siku ile nilipaswa kukuulizia wewe kwanza. Nilikosa, mwanangu, na ulikuwa mdogo, ukabeba kosa langu ukalifanya salamu. Naomba unisamehe.

Nakusikia getini unaongea na Baba Neema. Magharibi bado. Umetimiza ahadi, na mimi nilishaandika hapo juu kwamba tutaona, sitaifuta, ibaki.

Ukirudi likizo, usiniambie kwamba hakuna kilichopotea. Piga hodi, sema shikamoo, halafu simama hapo mlangoni. Nitakuangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye lile kovu la mguu. Vitu nitauliza baadaye, nikikumbuka.

Mama yako